Katibu na Karanga za Pole

Katibu alianza kujinyonyoa mwezi wa Mei, upepo wa Ufipa ulipoanza kuuma masikio. Kufikia Juni kifua chake kilikuwa kama cha kuku aliyekwisha kuchovywa maji ya moto lakini akakataa kufa. Kichwa kilibaki na manyoya yake ya kijivu, mkia ukabaki mwekundu kama kawaida. Hapo katikati palikuwa na ngozi tupu, ya waridi, yenye vipele, na mwenyewe alitembea nayo kwa maringo kama mtu aliyevaa suti.

Alikuwa kasuku wa dada Evodia, mtoto wa mama yangu mkubwa. Mchuuzi mmoja wa dagaa alivuka naye Ziwa Tanganyika kutoka Zaire, akapanda naye Sumbawanga juu ya lori, akaona ndege atakufa kwa baridi kabla ya kufika Mbeya. Akamwacha kwa Evodia, akasema atarudi kumchukua. Hajarudi mpaka leo. Jina la Katibu tulimpa sisi, kwa sababu alisema kutwa nzima, hakumsikiliza mtu, na alikula vya watu.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa. Sabuni zilikuwa zimerudi madukani, mitumba inamwagwa chini kila Jumamosi, na kila mwenye chumba cha mbele alitoboa dirisha akaandika "Duka" juu yake. Evodia aliandika "Saluni". Alileta kalikiti, dawa ya kutia nywele mawimbi, kutoka Tunduma, kopo kwa kopo, akatundika kioo kikubwa ukutani na tundu la Katibu dirishani penye mwanga, kando ya mlango. Wanawake waliokuwa wamesuka twende kilioni tangu ubatizo wao wakaja kutiwa mawimbi. Katibu aliwapokea mlangoni kwa sauti ya Evodia mwenyewe: "Shikamoo! Karibu! Kaa!" Mtu mzima aliyesalimiwa hivyo na ndege alitoka hapo akawaleta dada zake wote.

Sasa fikiri mwenyewe. Saluni ya nywele, na mlangoni kuna ndege aliyenyonyoka.

Mwezi haukuisha kabla maneno hayajaanza kuzunguka sokoni: dawa ya Evodia ni kali mno, moshi wake tu umemnyonyoa kasuku, je, kichwa cha binadamu? Hakuna aliyejua maneno yametokea wapi, lakini yaliishia kwa Rozina, mwenye saluni mpya upande wa pili wa barabara. Wateja walitutazama kwa huruma, wakavuka barabara, wakaingia kwake.

Rozina mwenyewe hakusema neno baya hata moja. Alikuwa mwanamke wa adabu kupita kiasi, mwenye bangili sita mkono wa kulia na sauti laini kama losheni. Kila jioni alivuka kuja dirishani kwetu. "Pole, Evodia mwenzangu. Pole na mgonjwa. Maskini!" Kisha anampa mgonjwa karanga.

Hilo halikuwa jambo la ajabu, maana sote tulimpa. Kwetu mgonjwa haachwi. Mtu akilala homa siku mbili, jumuiya nzima inafika na unga, sukari, na sala tatu. Katibu naye alikuwa mgonjwa, tena mgonjwa wa kuonekana. Akichomoa unyoya, saluni nzima iliinuka. "Jamani! Katibu! Acha, baba! Pole!" Mama Cornelia, jirani yetu, ambaye hajawahi kupita penye msiba bila kuingia, alitembea na karanga zilizofungwa kwenye pindo la kanga kwa ajili yake tu. Mimi nilikuwa nampa zangu kwa siri, nikiamini kuwa mimi peke yangu ndiye ninayemwelewa. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, nasubiri barua ya kupangiwa shule, na serikali ilikuwa bado inatafuta kalamu. Nilikuwa na muda wa kumwelewa ndege.

Dawa tulijaribu. Tulimwogesha maji ya mwarobaini, tukampaka majivu kwa kudhani ana chawa. Bwana mifugo Nestory alikuja na mkoba, akamtazama mgonjwa kwa muda mrefu, akafungua fomu yake na kukuta nafasi ya ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, kuku. Akaandika "kuku". Akatuambia tumtenge na kuku wengine.

Baridi ilipozidi, Evodia alinunua soksi ya mtoto mchanga kwenye mitumba, akaikata matundu mawili ya mabawa, akamvika. Ilikuwa ya buluu, na ilikuwa na picha ya dubu. Siku hiyo kila aliyeingia alipiga kelele mara mbili, ya kwanza kwa kipara na ya pili kwa soksi, na Katibu akalipwa karanga mara mbili. Kesho yake akaichana soksi uzi mmoja mmoja.

Halafu ikaja habari ya harusi.

Leonia wa Mwimbi alikuwa anaolewa Jumamosi, kanisani hapa mjini, na wasimamizi wanane wa kike, wote wakitaka mawimbi ya aina moja. Vichwa tisa! Sumbawanga ilikuwa haijapata kuona kitu kama hicho. Mwenye kuamua ni nani atakayegusa kichwa cha bibi harusi alikuwa shangazi yake, Mama Bertilla, na Mama Bertilla alituma neno: "Nimesikia habari za ndege. Alhamisi nitakuja kumwona kwa macho yangu. Nikiridhika, vichwa ni vya Evodia. Nisiporidhika, navuka barabara."

"Tumfiche," nikasema. "Tumpeleke kwa Mama Cornelia mpaka Jumapili."

"Amesema anakuja kumwona ndege, Scola. Asipomkuta atasema amekufa, tena kwa dawa." Evodia alikuwa anakunja taulo ambazo hazikuwa na haja ya kukunjwa. "Harusi hii ikinipita, mimi nafunga mlango. Kaka amekwisha niambia, shamba la Kaoze lipo. Nitarudi kupalilia mahindi na kalikiti yangu kichwani, kunguru wanicheke."

Hapo ilikuwa Jumatatu. Na Jumatatu hiyo hiyo aliingia mteja mmoja tu, mwanamke wa Kisukuma aliyeitwa Limbu, kutoka bondeni, Mtowisa. Habari za sokoni zilikuwa hazijamfikia. Alitaka kalikiti, na mumewe, Shija, alikuja naye, mrefu, fimbo mkononi, koti zito la mitumba begani.

"Inachukua muda gani?" akauliza Shija.

"Kutwa, shemeji," Evodia akamjibu.

"Kutwa? Kichwa kimoja? Mimi naogesha ng'ombe arobaini kwa asubuhi moja!"

"Basi kamwogeshe na mkeo kwenye josho," Mama Cornelia akasema, "uone kama utalala ndani."

Limbu akacheka mpaka rola ya kwanza ikadondoka. Shija akaketi benchi la pembeni, mwanamume peke yake kati ya masega na mataulo, na kwa kuwa hakuwa na mahali pa kuweka macho, akayaweka kwa Katibu.

Aliyaweka hapo kutwa. Niliona tu kwamba mara kwa mara anainama, anaokota kokoto mlangoni, anaitia mfuko wa kulia wa koti. Saa nyingine anaitia wa kushoto. Nikajua baridi imempata kichwani.

Alasiri, saa kumi imekwisha kupita, Limbu alipokuwa chini ya mashine ya kukaushia, Shija akasimama. "Dada mwenye nyumba, huyu ndege mmemtibu nini?"

Evodia akamtajia yote, pamoja na fomu ya kuku.

"Nani alikaa akamwangalia?"

"Kumwangalia vipi? Sote tunamwona."

"Kuona siyo kuangalia. Kwetu ng'ombe akiumwa, kabla ya dawa unakaa naye siku nzima. Anakula nini, saa ngapi, amesimama na nani." Akamwaga mfuko wa kulia juu ya meza ya rola. "Hizi ni manyoya aliyochomoa tangu nimekaa. Kumi na mawili." Akamwaga wa kushoto. "Hizi ni karanga mlizompa. Kumi na mbili."

Tukatazama kokoto.

"Si unaona," Mama Cornelia akasema, "tunamtunza."

"Mama, huyu ndege haumwi. Huyu ni mfanyabiashara. Ameona biashara imeruhusiwa, naye amefungua. Anauza manyoya, ninyi mnanunua kwa karanga. Tena ule wa tisa, dada hapa alikuwa nje anamwaga maji na huyu mwalimu amesinzia. Ndege ameuchomoa, ameona hakuna mnunuzi, ameushika mdomoni. Ameshika, ameshika! Dada alipoingia tu, akauangusha."

Katibu, aliyekuwa amesikia jina lake halitajwi kwa muda mrefu, akashika unyoya wa ubavuni, akatutazama mmoja mmoja.

"Msigeuke," Shija akasema.

Akauchomoa. Mama Cornelia akaguna kama mtu aliyekanyagwa mguu. "Jamani mimi siwezi! Mungu ananiona!" Akafumba macho, akanyoosha mkono nyuma kama anayetoa sadaka ya siri, na karanga ikaingia tunduni.

"Kumi na tatu," Shija akasema.

Kabla ya kuondoka na mkewe, ambaye sasa alikuwa na mawimbi mpaka mabegani na hakutaka kuvaa kitambaa tena, alituachia masharti. Akijinyonyoa, hakuna kumtazama, hakuna pole. Akisalimia, aitikiwe na apewe karanga. Na mdomo wake upewe kazi: magunzi ya mahindi, makapi, karanga zifungwe ndani ya majani ya muhindi ajitafutie mwenyewe. Mlangoni akakumbuka kitu. "Na karanga tano kati ya hizo hazikutoka humu ndani. Zimetoka dirishani. Mkono una bangili."

Evodia akasimama na kopo mkononi. Akasema, "Ahsante, shemeji," akaendelea kuosha masega.

Kumnyima mtu pole ni kazi ngumu kuliko kulima. Jumanne tulikaa tumempa mgongo Katibu, tukitazama kioo. Dakika tano tu, tukagundua kwamba naye anatutazama kwenye kioo hicho hicho. Akikutana na jicho lako anachomoa. Tukafunika kioo kwa kanga. Akakohoa kikohozi cha Mama Cornelia, na Mama Cornelia mwenyewe akageuka kuona nani anamwita. Karanga ya kumi na nne, kwa hesabu ya Shija.

Jumatano mambo yakaanza kubadilika. Alisema, "Shikamoo!" Sote tukaitika kama darasa, "Marahaba!" na karanga ikaingia. Akafikiri. Akasema tena. Ikaingia tena. Kufikia mchana alikuwa amesalimia mpaka mbwa aliyepita, na gunzi zima alikuwa amelisaga likawa unga sakafuni. Manyoya yaliyoanguka yalikuwa manne. Lakini jioni, saa kumi ilipokaribia, alihamia upande wa dirisha, akachomoa mawili ya haraka haraka, akanyoosha shingo nje ya tundu kama anayesubiri basi.

Nilitaka kufunga dirisha. "Liache," Evodia akasema.

Alhamisi saa tisa Mama Bertilla akaingia. Alikuwa mwanamke mfupi, mzito, mwenye rozari shingoni na macho ya mtu anayenunua ng'ombe. Tulipiga magoti sote, tukamwamkia, yeye akapiga makofi yake ya taratibu ya salamu kama wanavyofanya watu wazima wa Mwimbi, akatuuliza habari za nyumbani, za shamba, za wagonjwa, mpaka za mvua iliyokwisha kupita. Evodia akamkaribisha benchi la chini ya dirisha. Nikashangaa. Hapo panapita upepo, na kulikuwa na kiti kizuri cha mto.

"Shikamoo!" Katibu akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu." Mama Bertilla akampima kutoka juu mpaka chini. "Mh! Kumbe ni kweli. Ametandikwa."

"Shangazi," Evodia akasema, akiwa bado amepiga magoti, "dawa yangu haijamgusa huyu ndege. Anajinyonyoa mwenyewe, kwa sababu tumemzoesha kumpa pole. Nakuomba kitu kimoja tu. Akianza, usimpe pole."

"Nisimpe nani? Mgonjwa?" Mama Bertilla akaweka mkono kifuani. "Mimi, ambaye nimewapa pole mpaka watu walioniibia kuku?"

"Kwa saa moja tu, shangazi."

Akaguna, akashika rozari, akatazama ukuta. Sisi pia tukatazama ukuta. Mama Cornelia alikuwa amekalia mikono yake.

Katibu akachomoa unyoya mmoja. Hakuna kitu. Akachomoa mwingine, akauangusha polepole ili uonekane ukielea. Nilisikia pumzi ya Mama Bertilla ikikwama. Hakugeuka.

Ndipo yule ndege, baada ya kungoja wanunuzi mpaka akachoka, akaamua kujihudumia.

"Jamani!" akasema, kwa sauti ya Mama Cornelia. "Maskini! Pole, baba, pole!" Kisha kwa sauti ya Evodia: "Katibu, acha!" Kisha kwa sauti nyembamba, ya mtu anayedhani hasikiki: "Mimi tu ndiye ninayekuelewa, kipenzi changu." Hiyo ilikuwa yangu. Nilitamani sakafu ifunguke. Mama Cornelia alikuwa anatikisika kwa kicheko, mikono bado chini ya makalio.

Mama Bertilla akauma pindo la kitenge chake. "Huyu ndege," akasema akiutazama ukuta, "angefaa ubunge."

Nje, kengele ya kanisa ikalia saa kumi. Katibu akaacha kelele zote. Akasogea upande wa dirisha, akatoa shingo, na akasema kwa sauti laini kama losheni:

"Mmoja tena, mwanangu. Mmoja tena, nikupe. Wa kifuani. Hivyo hivyo. Mmoja tena."

Mtaa mzima hakuna aliyekuwa na sauti ile ila mmoja. Mama Cornelia akachomoa mikono yake, akaziba mdomo. Na kabla yeyote hajasema kitu, tukasikia bangili. Mkono ulipita kati ya nondo za dirisha, kucha nyekundu, karanga imeshikwa kwa vidole viwili, na nyuma yake sauti ile ile, hai, ikinong'ona, "Mmoja tena, mwanangu..."

Mama Bertilla akaushika. Aliushika juu ya bangili, kwa nguvu za mtu aliyekamua ng'ombe tangu utotoni, na hapo nikaelewa lile benchi.

"Karibu ndani," akasema kwa upole mkubwa. "Watu wazima hawasalimiani dirishani. Unaitwa nani, mwenye mkono?"

Katibu akachukua karanga yake kutoka kwenye vidole vilivyonaswa, akaila.

"Rozina, mama," mkono ukasema mwishowe. "Shikamoo."

"Marahaba. Zunguka mlangoni, Rozina. Sikuachii mpaka uahidi."

Aliingia ameinamisha kichwa. Alisema alikuwa anatoa pole tu. Akasema siku ya kwanza hakuwa na nia mbaya, alimpa karanga kama kila mtu. Ni siku ya tatu au ya nne ndipo alipoona kwamba ndege anaelewa. Alisema hayo yote akiitazama miguu ya Evodia, maana hakuweza kumtazama usoni. Sisi tulikuwa tumekwisha kunoa maneno, na mimi nilikuwa na moja zuri sana, la miaka miwili ya chuo.

Mama Bertilla akainua kiganja tukanyamaza. "Evodia. Vichwa ni vyako, vyote tisa. Na huyu ni wako pia. Sema."

Evodia alimtazama Rozina. Nilimwona akimtoza hasira yake ya mwezi mzima, kisha nikamwona akihesabu: Jumamosi misa ni saa nne, vichwa tisa, kila kichwa rola hamsini na kitu.

"Nina mikono miwili," akasema. "Wewe, mwenzangu, naona wako mmoja hauna kazi mchana. Kesho saa kumi na mbili asubuhi uje na yote miwili. Utazungusha rola. Mwenye saluni ni mimi, na tundu linabaki hapo hapo."

Ijumaa nzima Leonia na wasimamizi wake walikaa kwa mstari, vichwa vimelowa, wakicheka, na nusu ya Sumbawanga ilipita mlangoni kwa kisingizio cha kununua chumvi. Rozina alizungusha rola bila kuinua macho. Anafanya kazi safi, siwezi kumnyima hilo. Kila aliponyoosha mkono kuchukua rola nyingine, bangili zililia, na kila bangili zilipolia, Katibu aliacha gunzi lake, akasogea karibu, akainamisha kichwa kumtazama.

"Mmoja tena, mwanangu," alimwambia. "Mmoja tena."

Kwenye rola ya mia mbili na kitu, Rozina akashindwa. Alicheka mpaka akakaa chini, machozi yakachora njia mbili kwenye poda yake. "Jamani, mnyamazisheni huyu ndege!"

"Hatuwezi," Mama Cornelia akamjibu, huku akivunja karanga kwa meno yake mwenyewe. "Tumekatazwa kumtazama."